Pishi Tatu na Kibaba za Ndege

Jumatatu iliyopita nilirudisha kafi la hori la Serikali. Karani aliyelipokea aliligeuza huku na huku, akaniuliza kwa nini upande mmoja umelika kuliko mwingine. Nikamwambia ni kwa sababu mto wangu unakunja kushoto mara nyingi kuliko kulia. Akacheka. Nilitaka kumweleza zaidi, lakini nikaanza kujiuliza: unakunja kushoto wakati wa kuingia, au wakati wa kutoka? Kwani ukikunja kushoto kwenda, si lazima ukunje kulia kurudi? Kabla sijapata jibu, risiti ilikwisha kuandikwa na mtu wa nyuma yangu alikuwa ananisukuma.

Ndivyo nilivyo. Nimefanya kazi miaka zaidi ya ishirini nikifikiri mara nne pale ambapo wenzangu walifikiri mara moja. Kwa hiyo nyinyi mnaokuja kuilinda mikoko ya kusini, yapokeeni haya kwa mtu ambaye hakufanya jambo lolote kwa haraka. Habari za vyeo hamtazipata hapa. Nilianza kazi mlinzi wa mto, nimestaafu mlinzi wa mto, na anayeona hilo ni hasara hajapata kuuona mto wenyewe.

Nilirudi kutoka shule ya Unguja nikiwa na cheti, suruali mbili na khofu nyingi. Kwetu ni Tibirinzi, Chake Chake, mahali ambapo maji ya chumvi unaweza kuyaona kwa mbali, na mimi kwa mbali ndivyo nilivyoyapenda. Sikujua kuogelea. Jambo hilo sikuliandika katika barua ya kuomba kazi, kisha nikakaa wiki tatu nikijiuliza kama kunyamaza ni sawa na kusema uwongo. Nilitarajia ualimu. Jibu lilipokuja liliniteua mlinzi wa Mto Kwarara, huko chini kupita Kengeja, njia ya Chokocho.

Ambao hamjafika, nawaeleza. Mto Kwarara si mto wa kuchota maji ya kunywa. Ni ulimi wa bahari ulioingia nchi kavu na kupokewa na kijito kinachotoka kwenye mabonde ya mpunga. Maji yakijaa, mikoko husimama ndani yake kama watu wanaooga. Yakitoka hubaki tope jeusi, na katikati yake mfereji mwembamba usiopitisha mashua. Hupitisha hori tu, hori la mti mmoja, la mtu mmoja au wawili wasiogombana. Ndege wanaupenda kwa sababu hiyo hiyo. Yangeyange, mnandi, kwarara, mdiria wa rangi ya buluu, kulasitara anayesimama saa nzima kwa mguu mmoja. Sululu na vitwitwi wanaofika na kaskazi na kuondoka wanapojisikia. Serikali ilikuwa imeufunga mto ule: hapana kukata mkoko, hapana kupiga ndege. Wanawake wa vijiji vya jirani waliachiwa kuokota chaza. Kazi yangu ilikuwa kuuingia kila wiki, kuhesabu ndege, na kila mwisho wa mwezi kupeleka ripoti ofisini Chake.

Siku ya kwanza gari la abiria lilinishusha Kengeja na sanduku langu la bati, nikatembea. Nilipofika kwenye kijigati nilikuta hori la Serikali limefungwa kwenye mchu, ule mkoko mkubwa, na karibu yake hori jingine dogo lililojaa makapu. Mwanamke wa makamo alikuwa anasuza chaza.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Ndiye wewe mlinzi?"

"Ndiye."

"Mbona umevaa viatu?"

Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimevipaka rangi asubuhi ile. Nikasema nimetoka skuli.

"Ahaa," akasema. "Mwalimu."

Jina hilo lilinikaa mpaka leo. Kusini yote hakuna anayenijua kwa jina alilonipa baba yangu.

Huyu ndiye Bi Time binti Faki. Alikuwa mjane, mwokotaji chaza, na mwanamke pekee niliyemjua kuwa na hori lake mwenyewe. Watu walisema maneno. Yeye alisema anayetaka kulizungumza hori lake na aje alizungumze likiwa majini. Baba yake alikuwa mkadiriaji wa mikarafuu. Mtu akitaka kukodi shamba, humwita mkadiriaji apite chini ya miti kabla ya mavuno, atazame juu, aseme: huu pishi sita, huu pishi nne na vibaba viwili. Hapandi, hagusi. Mzee Faki hakujaaliwa mtoto wa kiume, akawa anatembea na binti yake shambani tangu mdogo. Lihifadhini hilo, ndilo lililonitia matatani na ndilo lililonitoa.

Nilipanda hori mbele yake, nikasimama badala ya kukaa, na hori likanimwaga. Nilipiga mikono, nikameza maji, nikapiga shahada. Nikasikia sauti yake, wala haina haraka:

"Mwalimu. Simama."

Nikasimama. Maji yalinifika kiunoni.

"Sasa umekwisha kuzama," akasema. "Iliyobaki ni kazi."

Alinifundisha miezi mitatu, bila ya kuulizwa na bila ya kushukuriwa na ofisi. Nawapa niliyoyapata kwake. Kaeni kitako chini kabisa, magoti yaguse ubavu wa hori; hori huliongozi kwa mikono, unaliongoza kwa kiuno. Ingieni maji yanapoanza kujaa, tokeni yanapoanza kupwa, maana mfereji haungoji mtu, na nimewahi kukaa juu ya tope tangu adhuhuri hadi alasiri nikitazamana na kaa. Msivae kanzu nyeupe. Ndege huiona toka mbali. Upo wa kutolea maji ufungeni kamba, kwani siku mtakapouhitaji ndiyo siku utakapoelea kwenda zake. Na kubwa kuliko yote: kafi msilitoe majini. Likifika nyuma, ligeuzeni ubavu, lirudisheni mbele humo humo chini ya maji, kimya. Kafi linalopanda na kushuka hudondosha matone, na tone moja linatosha kuwainua yangeyange wa mti mzima. Mimi nilijifunza pigo hilo kwa woga, nikiogopa kuyumba. Bi Time akasema ni mara ya kwanza kuona woga unamfaa mtu.

Kuhesabu ndiko kulikonishinda. Nilifunzwa kuhesabu kimoja kimoja, na ndege hawakufunzwa kungoja. Ningefika arubaini na tatu, mmoja akaruka akatua nyuma. Huyu nimekwisha kumhesabu au bado? Nikaanza upya. Nikajaribu viota, kwamba kiota hakiruki, lakini macho yangu yalipotea katika matawi. Siku moja Bi Time alipita na hori lake, akanikuta mbele ya mchu mmoja, ambao nilikuwa naukodolea macho tangu maji yalipoanza kujaa.

"Unatafuta nini humo?"

"Nahesabu viota."

Akautazama mti mara moja, kama mtu anavyotazama saa ya ukutani. "Pishi mbili," akasema, akapita.

Nilidhani ananidhihaki. Jioni nilimuuliza, akanieleza kwa namna ya mtu anayeeleza kwamba jua hutoka mashariki. Jicho lake lilifunzwa kwenye mikarafuu kujua tawi lililojaa ni lipi, na mti wenye matawi kadha uliojaa nusu ni sawa na kiasi gani. Viota vya yangeyange vimekaa kwenye mchu kama vishada vya karafuu. Kwake mti ulikuwa mti.

Mimi sikuamini, nikaenda kupima. Kwa majira mazima ya kuzaa nilimwomba akadirie mti, kisha mimi nikahesabu viota vyake, mara tatu kila mti, kwa kokoto mfukoni. Pishi ya Bi Time ilikuwa viota ishirini. Mara nyingine kumi na tisa, mara nyingine ishirini na kimoja, haikupita hapo. Kibaba, ambacho ni robo ya pishi, kilikuwa vitano. Halafu akanifundisha na mimi. Ilinichukua zaidi ya mwaka, na nilipoweza, niliweza.

Sasa ndipo penye kosa langu. Ripoti ya kwanza baada ya hapo niliiandika mara nne. Nikiandika ishirini, nilijiambia, nitakuwa nasema uwongo, kwa sababu pengine ni kumi na tisa. Nikiandika "kiasi cha ishirini", ofisi itaniona mzembe. Lakini pishi ilikuwa kweli tupu: mti ule ulikuwa pishi mbili, na hilo ningeweza kuliapia. Kwa hiyo mimi, kijana mwenye cheti, niliandika kwa hati nzuri kabisa: *Yangeyange, Mto Kwarara: pishi tisa na vibaba viwili.* Nikaona nimekuwa mwaminifu. Sikueleza pishi ni viota vingapi, maana hata ile ishirini sikuwa na uhakika nayo wa kutosha kuiandika.

Jibu lilitoka kwa Bwana Nassor, karani mkuu. Bwana Nassor alikuwa mtu wa Tibirinzi kama mimi, wa ukoo wenye mashamba, aliyejua karafuu kuliko alivyojua ndege. Aliandika: "Ofisi haina habari kwamba ndege wa Serikali wanauzwa kwa pishi. Tafadhali eleza kama ni wabichi au wamekwisha kuanikwa, na kama vikonyo vimeondolewa."

Barua ile ilisomwa kwa sauti Chake nzima. Nilipokwenda mjini watu waliniuliza bei ya kunguru. Mtu mwenye akili angebadilisha. Mimi nilijifikiria wiki mbili, nikaona kwamba nikibadilisha sasa itaonekana ile ya kwanza ilikuwa uwongo, nayo haikuwa uwongo. Nikaendelea na pishi. Nikaendelea miaka. Baada ya muda hakuna aliyecheka tena, kwa sababu hakuna aliyesoma tena, na hilo, wenzangu, ni baya zaidi.

Nilikuwa nimeoa na nina mtoto mmoja wakati karatasi ilipokuja. Ilikuwa miaka michache kabla ya Vita vya Pili. Mfanyabiashara mmoja alitaka magome ya mikoko, yale yanayotumika kutengenezea ngozi. Magome huchunwa kwenye mti uliosimama, na mkoko uliochunwa hufa umesimama vile vile. Aliutaka Mto Kwarara. Kanuni ilikuwa kwamba mto uliofungwa haufunguliwi ila mlinzi wake atie saini kwamba ndege hawazai tena humo. Bwana Nassor aliileta mwenyewe, na gari, mpaka pale gari lilipokwama, kisha kwa miguu na tarbushi lake jekundu.

"Mwalimu, tia saini hapa twende zetu, jua kali."

Nikaisoma. Ilisema mto umehamwa na ndege, na kwamba ripoti za mlinzi hazitoi hesabu yoyote inayofahamika, kwa kuwa zimeandikwa kwa kipimo cha karafuu.

Niliisoma sentensi ile mara nyingi. Miaka yote nilikuwa nimewahesabu, na hesabu yangu yenyewe ndiyo ilikuwa inawafuta. Kama ningeandika ishirini badala ya pishi, karatasi ile isingeandikika. Bi Time alikuwa kwenye hori lake, hatua kumi kutoka pale, anasikiliza. Mikoko ikifa, tope husombwa, na chaza huondoka na tope. Wanawake thelathini na zaidi walikuwa wanakula kwa mto ule.

"Bwana Nassor, ndege wamo."

"Wamo pishi ngapi?" Akacheka, lakini si kwa ubaya. Akaniwekea mkono begani. "Sikiliza, mwana wa jirani yangu. Mimi sikutakii shari. Usipotia saini wewe, utaondolewa, na atatia atakayekuja baada yako. Mto utakwenda, na kazi itakwenda. Afadhali ubaki na kimoja."

"Sitii."

"Unakataa?"

"Nakataa."

"Umefikiri lakini?"

"Bwana Nassor, mimi sijafanya jambo jingine maishani mwangu ila kufikiri. Nimefikiri mpaka nimechoka, na bado nakataa. Mwandikie Mkaguzi. Mwambie mlinzi anasema ndege wapo, aje ahesabu kwa macho yake. Akikuta nimesema uwongo, na anifukuze siku hiyo hiyo."

Bi Time akakohoa majini. Nadhani alikuwa anacheka.

Mkaguzi alikuwa Mwingereza mrefu aliyekuwa mgeni kisiwani. Alifika baada ya wiki mbili, kwa mashua ya mashine, kutoka upande wa bahari. Mngurumo wake tuliusikia kabla hatujaiona, na ndege wakausikia kabla yetu. Mashua ilipofika mdomoni mwa mto ilikwama, na juu ya mikoko hapakuwa na unyoya. Bwana Nassor, aliyekuwa amekuja naye, alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Ndege wako wapi?" akauliza Mkaguzi kwa Kiingereza, nami nikamjibu kwa Kiingereza changu cha skuli.

"Wamekimbia mashine, Bwana. Maji yanajaa. Izime, ungoje saa moja, halafu panda hori langu."

Akalitazama hori. Akanitazama mimi. "Hili?"

"Hilo. Vua viatu."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumwambia Mkaguzi avue viatu. Nilisikia maneno yakitoka kwa sauti ya Bi Time. Alivua. Bwana Nassor alikataa katakata, akasema yeye ana mke, akabaki juu ya mzizi wa mchu ameshika tarbushi.

Kabla ya kuondoka niliandika kwenye ukurasa wa daftari langu: *Pishi moja ni viota ishirini. Kibaba ni vitano.* Ile ishirini sikuifuta. Nikauchana ukurasa nikampa Bwana Nassor aushike, isije ikasemwa kipimo nilikitunga baadaye.

"Na wewe Bi Time," nikasema, "njoo na hori lako. Mkadiriaji ni wewe."

"Mimi? Mbele ya Mzungu?"

"Mbele ya yeyote."

Akajifunga kanga kifuani, akachukua kafi.

Tuliingia. Nilipiga kafi kama alivyonifunza, halikutoka majini hata mara moja. Miguu ya Mkaguzi ilikuwa mirefu kuliko hori na magoti yalimfika kidevuni, lakini alikaa kimya, na nampa sifa yake. Kona ya kwanza, hapana kitu. Ya pili, mdiria mmoja. Nilianza kuhesabu moyoni siku zilizobaki za kazi yangu. Kona ya tatu mto ukafunguka, na walikuwapo. Walikuwa wamerudi kimya kimya, juu ya kila mchu, weupe mpaka mti haukuonekana, vifaranga wakilia kama mlango usiotiwa mafuta. Mkaguzi alitamka neno la kwao ambalo sikulielewa.

"Chagua mti, Bwana," nikamwambia. "Wowote uutakao."

Alichagua mgumu, mchu wa zamani wenye mashina mawili uliosimama peke yake. Nikamgeukia Bi Time. Aliutazama. Mara hii hakutazama kama saa ya ukutani. Alitazama kama mtu anayesikiliza. Nilijua anamfikiria baba yake.

"Pishi tatu na kibaba," akasema.

Nikamwambia Mkaguzi: viota sitini na tano. Akatoa penseli, akaanza kuhesabu, mstari kwa kila kiota. Nililizungusha hori polepole, na kila dakika nilihisi maji yanakaribia kuanza kupwa. Alipomaliza alihesabu mistari yake mara mbili.

"Sitini na viwili," akasema.

Viwili juu ya sitini ni karibu, lakini ofisi haina neno "karibu". Nikaanza kutafuta namna ya kueleza kumi na tisa na ishirini na moja. Bi Time hakunipa nafasi.

"Mwambie vitatu viko nyuma ya shina la pili. Hakwenda nyuma, ameogopa tope."

Nikasita. Kisha nikamwambia hivyo hivyo, na lile la kuogopa tope nikalitia. Mkaguzi akakunja uso, akasema, "Twende nyuma." Tukaenda. Alihesabu kwa kidole. Kimoja, viwili, vitatu. Halafu akaonyesha cha nne, vijiti vichache tu vimepachikwa, na yangeyange ameshika kingine mdomoni.

"Sitini na sita," akasema. "Bibi amekosea kimoja."

Nilipomfasiria, Bi Time alikitazama kile kiota kipya kwa dharau. "Hicho kimeanzwa leo," akasema. "Angekuja jana."

Mkaguzi alicheka mpaka hori likayumba, na nikamwambia atulie, maana mimi sijui kuogelea. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kulisema hilo kwa mtu wa ofisi. Akaacha kucheka mara moja, akashika kingo kwa mikono miwili.

Tuliporudi mdomoni mwa mto, Bwana Nassor alimpa ule ukurasa wa daftari. Mkaguzi aliusoma, akaomba na ile karatasi ya saini, akaikunja akaitia mfukoni, wala sikuiona tena. Kwangu hakusema lolote la sifa. Alisema, "Kuanzia leo andika viota, si pishi."

"Nitaandika vyote viwili, Bwana," nikasema. "Pishi kwanza."

Bwana Nassor alifumba macho. Alipofumbua, Mkaguzi alikuwa anavaa viatu.

Ningependa kuishia hapo, lakini hadithi yenyewe haikuishia hapo. Mfanyabiashara alitaka magome, na magome aliyapata. Alipewa Mto Mkomafi, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwangu. Huo ulikuwa umefungwa pia, lakini mlinzi wake alikuwa mtu mwepesi, akatia saini kabla wino haujakauka kalamuni. Nilikwenda kuutazama mwaka uliofuata. Mikoko ilisimama myeupe, uchi, kama mifupa, na tope limepasuka. Sikuona hata kitwitwi. Nilijiuliza, na najiuliza bado: kukataa kwangu ndiko kulikoupeleka msiba pale? Nimelizungusha suala hilo kwa miaka na sikupata upande wa kutokea. Nilimuuliza Bi Time. Akasema, "Ulikuwa na saini ngapi, Mwalimu? Moja. Hiyo moja hukuitia. Ungetaka nini tena?"

Nilitaka tena. Kuanzia mwezi ule, chini ya ripoti yangu niliongeza mstari: *Mto Mkomafi: hakuna.* Ofisi iliniandikia kwamba mto huo si wangu. Nikajibu kwamba najua, na mwezi uliofuata nikaandika: *Mto Mkomafi: hakuna.* Wakaniandikia tena, kwa ukali. Bwana Nassor alistaafu, akaja mwingine, naye akaniandikia. Vita vilikuja vikapita, karatasi zikawa adimu, wakasema nisipoteze karatasi kwa mto usio wangu. Nikaandika kwa herufi ndogo. Kila mwezi nilikwenda mwenyewe, kwa miguu, siku yangu ya mapumziko, nikatazama, nikarudi nikaandika lile neno. Nilitaka pawe na faili moja katika kisiwa hiki ambalo mtu akilifungua atajua kwamba palikuwa na kitu pale, na kwamba kiliondolewa kwa saini.

Bi Time alifariki mwaka juzi. Kabla ya hapo macho yalikuwa yamepofuka, na nilikuwa nikimtia mbele ya hori langu, nampeleka kona ya tatu asikilize vifaranga. Alikuwa akikadiria kwa masikio. Alikosea mara nyingi, nami sikumsahihisha, isipokuwa siku moja aliyoniuliza, "Kweli?" nikamwambia ukweli, kwamba amekosea. Alifurahi zaidi kwa hiyo kuliko kwa zile nilizonyamaza.

Mikoko ina tabia moja ambayo mchuna magome haijui. Mbegu zake huelea. Zilitoka Mto Kwarara na maji makubwa ya bamvua, zikazunguka rasi, zikaingia Mto Mkomafi na kusimama kwenye tope, kwanza tatu, kisha kumi, kisha sikuweza kuhesabu tena. Wiki ya mwisho ya kazi yangu nilikwenda kwa hori, mara ya kwanza tangu tope lililosombwa lilipoziba mfereji, na hori likapita. Mikoko ilikuwa imenizidi urefu. Nililigeuza kafi chini ya maji, kimya, nikatazama mti mmoja mara moja, nikajilazimisha nisirudie.

Ofisi ilikuwa imeniomba ripoti ya mwisho iwe ya tarakimu tu, safi, kwa ajili ya kumbukumbu. Niliiandika mara moja, bila rasimu. *Mto Kwarara: yangeyange, pishi kumi na moja, yaani viota mia mbili na ishirini.* Halafu chini yake, kwa herufi kubwa mara hii:

*Mto Mkomafi: kibaba kimoja. Asiyeamini, hori liko gatini. Avue viatu.*